Nyimbo Hii, Wimbo Huu



Waliokulia katika nyumba za watu wa Unguja hapa Maskati wanajua kwamba kwetu wimbo haupigwi ukaachwa ukapita hivi hivi. Lazima ukaguliwe. Wazee wetu huisikiliza taarabu, na siku hizi Bongo Fleva, kwa sikio lile lile ambalo mwalimu wa chuoni alilitumia kumsikiliza mtoto akisoma juzuu: kinachosubiriwa ni mahali ulimi utakapoteleza. Ukiteleza, kidole hupanda juu, kikombe cha kahawa huwekwa chini, na muziki huzimwa mpaka hukumu itoke. Ami yangu mmoja, ambaye simtaji jina kwa kuwa anazisoma kurasa hizi na miwani yake haikosi kitu, aliwahi kusimamisha gari kando ya barabara ya Nizwa ili atueleze sisi watoto tuliokaa nyuma kwa nini mwimbaji aliyekuwa akisikika hakustahili kusema vile alivyosema. Malori yalitupita yakipiga honi. Hakuondoa gari mpaka tulipoirudia sentensi kwa usahihi.

Desturi hii ina chimbuko lake. Watu walioondoka Unguja baada ya Januari 1964, na waliofika Oman kwa wingi baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipotawala na kuwaita Waomani wa nje warudi, hawakuja na mali nyingi. Nyumba zilibaki, mikarafuu ilibaki, makaburi yalibaki. Lugha haikuwa kitu cha kutaifishwa, wakaingia nayo ndani ya ndege. Walipofika huku wengi wao Kiarabu chao kilikuwa cha msikitini na cha salamu. Sokoni walichekwa, ofisini walichekwa, na watoto wao shuleni walichekwa zaidi. Nyumbani, angalau, palikuwa na lugha moja ambayo wao ndio waliokuwa mahakimu wake. Nikilitazama hivyo, kile kidole kinachopanda juu nakielewa, na hata kukihurumia.

Nitaje yale yanayokamatwa mara nyingi zaidi. Mama wa yote ni neno wimbo lenyewe. Mmoja ni wimbo, nyingi ni nyimbo. Wimbo huu, nyimbo hizi. Wimbo wangu, nyimbo zangu. Lakini watangazaji, na waimbaji wenyewe wanapohojiwa, husema "nyimbo yangu mpya", na Ami hujibu kwamba asiyejua kazi yake inaitwaje bora aifunge. Kisha liko la sote. Pwani watu husema sisi sote na nyinyi nyote, lakini katika nyimbo za leo utasikia "sisi wote", kana kwamba mwimbaji amejitoa katika kundi analolisemea. Ziko -nge- na -ngali-, ambazo walimu wa zamani walizichapia fimbo: mtu huanza na "ningejua" akamalizia na "ningalikuja", mguu mmoja chomboni na mwingine ufukweni. Kuna "kitu yangu" na "moyo yangu", ambapo ngeli zote zimetiwa katika gunia moja likafungwa kamba.

Liko na kosa jingine ambalo ni la matamshi, ila hupelekwa mbele ya mahakama ile ile. Ni la th, dh na gh. Dhahabu huwa zahabu, dhambi huwa zambi, na thamani huwa samani. Hili la mwisho linachekesha kweli, maana samani ni vyombo vya nyumbani, meza na makabati. Kijana anayemwimbia mchumba wake kwamba hakuna wa kumfikia kwa samani anamsifu kwa makochi ya kwao.

Kwa mengi ya haya, niseme mapema, wazee wana haki. Ngeli ndiyo uti wa mgongo wa Kiswahili. Nimekiona, nimemwona, nimeuona: sentensi tatu zisizotaja jina lolote, na msikilizaji ameshajua kwamba cha kwanza chaweza kuwa kitabu, wa pili ni mtu au mnyama, na wa tatu huenda ni mti au mji. Taarabu imejengwa juu ya uwezo huu. Mtunzi akitaka kumpiga mtu kijembe hamtaji. Anaimba juu ya tunda, au ua, au chombo kilichokwenda mrama, na kwa silabi moja ndani ya kitenzi, "limeoza", "kimezama", ukumbi mzima wa harusi unageuza shingo kumtazama anayehusika. Mwenye kutuzwa hutuzwa, mwenye kununa hununa, na hakuna anayeweza kwenda kushitaki. Lugha iliyozichanganya ngeli zake imejinyang'anya silaha hiyo. Kwa hiyo sikubaliani na vijana wanaosema kwamba ngeli ni udhia wa wazee tu.

Nisingeyaandika haya, lakini, lau si jambo lililotokea Idi ya mwaka juzi.

Binti wa dada yangu alikuwa na umri wa miaka 14. Amezaliwa hapa Maskati, na upande wa baba yake hawana Kiswahili hata cha kuombea maji. Kiswahili alichonacho amekipata kwa mama yake kidogo, na kwa simu yake sana. Hakuna aliyemfundisha, alijifunza kwa nyimbo, akizirudia moja baada ya nyingine mpaka akazijua kwa moyo, kisha akaanza kuuliza maana. Dada yangu alikuwa ameshakata tamaa kwamba lugha ingefika kwa mtoto huyu, na tazama, ilikuwa imefika kwa njia ya dirishani. Siku hiyo ya Idi tulikuwa watu kama ishirini kwenye busati, masinia ya pilau katikati yetu. Mtu alipiga wimbo kwenye simu. Yule binti akamgeukia mama yangu, ambaye ndiye bibi yake, akamwambia kwa sauti ya furaha, kwa Kiswahili, bila kuombwa na mtu:

"Bibi, nyimbo hii ndiyo naipenda kuliko zote."

Ami akaweka tonge chini. "Wimbo huu, mjukuu wangu. Wimbo huu ndio ninaoupenda. Hicho Kiswahili umekiokota jalalani?"

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ni kicheko cha kwetu, ambacho kila mmoja wetu amewahi kukinywa. Binti naye alitabasamu, akashika bilauri ya maji. Tangu siku hiyo hakusema tena Kiswahili mbele ya mtu mzima, karibu mwaka mzima. Mama yangu humsemesha Kiswahili, naye hujibu kwa Kiarabu, kwa adabu kamili, "naam bibi" na "hadhir bibi", wakawa kama watu wawili waliosimama kila mmoja ng'ambo yake ya mkondo. Mama hakulalamika. Aliniambia mara moja tu, akichambua mchele: "Mtoto yule alikuwa ameanza kunisimulia mambo."

Basi nikaanza kujiuliza, kati ya yale tunayoyaita makosa katika nyimbo, ni yapi makosa kweli, na ni nani aliyetuwekea mizani hiyo.

Washairi wetu wa kale walikwisha kuyapa majina. Kulifupisha neno ili mizani itimie, kama kusema "nambie" badala ya niambie, au "alonipenda" badala ya aliyenipenda, kunaitwa inkisari. Kulirefusha, kama "muwili" badala ya mwili, kunaitwa mazida. Kuibadili silabi ili kina kikae mahali pake ni tabdila. Na kupindua mpangilio wa maneno, "wangu moyo" badala ya moyo wangu, "jema jambo" badala ya jambo jema, kuna jina ambalo laonekana kama lilitungwa na mtu mwenye mzaha: kuboronga sarufi. Mshairi mwenye mizani 8 katika kila kipande hana nafasi ya kuchezea; silabi moja ikizidi, mpiga fidla ataisikia kabla ya mwalimu wa lugha. Ami yangu anazipenda taarabu za zamani ambazo zimejaa kuboronga kwa kila namna, na sijapata kumwona akiinua kidole. Kosa lililopewa jina la Kiarabu, naona, huhesabiwa sanaa.

Chukua neno penzi. Wazee husema hakuna penzi, kuna mapenzi tu, na kwamba vijana wa Dar es Salaam wamelikata neno kama muwa. Lakini penzi lilikuwako katika nyimbo kabla vijana hao hawajazaliwa, kwa sababu iliyo wazi: mapenzi yana silabi tatu na penzi lina mbili, na mtunzi wa mahaba huhitaji zote mbili kulingana na nafasi aliyobakiwa nayo. Leo neno hilo limo katika kamusi. Nadhani liliingia kwa mlango wa harusini.

Upo pia mwaka mmoja ambao kila nikiufikiria hunifanya nitabasamu. Ni mwaka 1928. Katika mwaka huo ulifanyika mkutano mjini Mombasa ambapo serikali za kikoloni ziliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha kufundishia na kuandikia vitabu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1930, ikaanzishwa kamati ya kukisanifu. Fahari ya nyumba zetu yote imesimama juu ya uamuzi huo. Husemwa, "Kiswahili sanifu ni chetu", kana kwamba kiliibwa kabatini kwetu. Na katika mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alipanda meli na wenziwe kwenda Bombay kutia sauti katika santuri. Kabla yake, taarabu ya majumba ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu, na wengi waliotikisa vichwa hawakuelewa neno. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha Ng'ambo, cha watu waliokuwa wakipita vichochoroni, wakiuza, wakigombana na kushitakiana. Shaaban Robert, ambaye sarufi yake haina wa kuitilia shaka, aliona mwanamke huyo anastahili kuandikiwa wasifu. Santuri zile zilifika kwenye madirisha ya Mji Mkongwe zikanunuliwa na babu zetu. Kwa hiyo mwaka mmoja uliwaletea Kiswahili cha aina mbili: kimoja cha kuandikwa ubaoni, kimoja cha kuchezwa kwenye gramafoni. Walivipenda vyote viwili, na sidhani kama vililingana kila mahali.

Tena Unguja haikuwa peke yake. Katika gari la Ami kulikuwa na kaseti za Juma Bhalo wa Mombasa, nyingine zikiwa na tungo za Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita. Huko jicho likizidi huwa mato, njia huwa ndia, na anayekuita anaweza kukwambia ndoo nawe usitafute ya kutekea maji. Ami akifika hapo hufumba macho kwa raha. Anajua kwamba Kimvita na Kiamu zilikuwa lugha za mashairi karne nyingi kabla kamati yoyote haijaketi. Lakini apigiwe muziki wa dansi, kama ule wa Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyefanya Dar es Salaam kuwa kwao, au wimbo wowote wa mashariki ya Kongo ambako watoto huitwa batoto na "iko" hufanya kazi za vitenzi vitano, basi mkono hupepea hewani kama anayefukuza inzi. "Cha bara hicho." Hapa, kwa heshima zote, hakimu wetu ameegemea upande. Mtu wa Bukavu anayesema batoto anasema kama mama yake alivyosema. Akikosea, anakosea sarufi ya Bukavu, nasi hatuijui kiasi cha kumkosoa.

Nikatazama upande wa pili wa nasaba yetu, ule wa Kiarabu, nikakuta mambo ya kuchekesha zaidi.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mpenzi wa Umm Kulthum. Aliimba "Enta Omri", ule wa mwaka 1964 alioutungia muziki Mohamed Abdel Wahab, akiwa jikoni, na hakukuwa na siku alipoulizwa kuhusu nahau. Wimbo ule uko katika Kiarabu cha Misri cha kusemwa. Irabu za mwisho ambazo mwalimu wa Kiarabu angezidai hazimo. "Al-Atlal" wa mwaka 1966, wenye maneno ya mshairi Ibrahim Nagi, uko katika Kiarabu fasaha, na bibi aliuimba nao kwa ulimi wake wa Unguja. Waarabu hawaiti wimbo wa kwanza kosa na wa pili usahihi. Wanajua kwamba lugha yao ina nguo za nyumbani na nguo za Ijumaa.

Na hilo la zambi? Wamisri hulitamka neno dhanb, ambalo ni dhambi, kwa z: zanb. Thawra, yaani mapinduzi, wao husema sawra. Ni mteremko ule ule ambao ulimi wa bara umeteremka. Waomani hapa wanazo dh na th zao kamili, ndiyo maana masikio yetu yanakereka, lakini Ami huyu huyu husikiliza sauti za Cairo usiku kucha, z zikimwagika kama mtama, na husema, "Hiki ndicho Kiarabu kitamu." Nilipomtajia hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba Umm Kulthum ni Umm Kulthum. Jibu hilo sikuweza kulipindua.

Kubwa kuliko yote ni malaika. Wimbo wa Kiswahili unaojulikana kuliko wote duniani, ambao Fadhili William aliurekodi nchini Kenya na Miriam Makeba akaupeleka mbali, una jina ambalo kwa Mwarabu lina kasoro. Kwa Kiarabu, mmoja ni malak. Malaika ni wengi. Sisi tuliuchukua wingi wao tukaufanya umoja, na kijana akimwita mpenzi wake malaika, sikio la Mwarabu linasikia kwamba anaita kundi. Jirani ndivyo vivyo hivyo: kwa asili mmoja ni jar, na jiran ni wengi. Nasi hatukutosheka, tukaongeza ma- mbele yake tukapata majirani, wingi juu ya wingi. Kitabu nacho kilikuja kikiwa neno zima, kitab. Mtu wa pwani akasikia ki- akadhani ni ngeli, akatoa vitabu. Aliyekisema kwa mara ya kwanza, kama palikuwa na Mwarabu mwenye kidole karibu, bila shaka aliambiwa amekiokota jalalani. Leo Ami akisikia mtu akisema "kitabu viwili" atasimamisha gari.

Sisemi kwamba kila kitu sawa. Mtunzi aliyezaliwa Dar es Salaam au Unguja, akasoma Kiswahili miaka yote ya shule, kisha akaandika "moyo yangu" pasipo mizani wala kina kilichomlazimisha, huyo amefanya uvivu, na uvivu wake unasikilizwa na mamilioni. Samani ni samani. Kijana anayeboronga sarufi inafaa awe anaijua anayoiboronga. Tena si kweli kwamba vijana wote hawajui: Zuchu, ambaye mpwa wangu anampenda, ni mtoto wa Khadija Kopa, amekulia ndani ya taarabu, na nilipomweleza Ami hivyo alisikiliza nyimbo mbili mfululizo bila kugusa kitufe. Ninalolishikilia ni kwamba mtunzi mwenye studio na watu wa kumhariri, na mtoto wa miaka 14 kwenye busati la Idi, si washitakiwa wa namna moja. Wa kwanza akichekwa atatoa wimbo mwingine. Wa pili amefunga mdomo, na mdomo huo ndio uliokuwa utusaidie kuzungumza na bibi yake.

Sasa nije kwenye kaseti.

Wenye umri wangu mnazikumbuka barua za kaseti. Simu ilikuwa ghali, na wengi wa wanawake wetu hawakupenda kuandikiwa barua na mtu mwingine, kwa hiyo walikaa mbele ya redio-kaseti wakasema dakika 30 upande huu na 30 upande huu, wakampa msafiri. Katika sanduku la marehemu baba yangu zimo kaseti tisa alizotumiwa na shangazi yake aliyebaki Unguja. Ndiye aliyewalea baba na Ami mama yao alipokuwa mgonjwa. Mwaka jana nilianza kuzihamishia kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza. Katika ile iliyoandikwa 1983, baada ya salamu ndefu, bei ya mchele, na orodha ya waliofariki, anasimulia harusi iliyofanyika Malindi. Anacheka. Anasema, kwa sauti iliyo wazi kama kengele: "Nyimbo hii waliipiga mpaka alfajiri."

Nyimbo hii. Waliipiga.

Sikumchezea Ami kaseti hiyo mbele ya watu. Nilikwenda kwake asubuhi, tukiwa wawili, nikamwambia tu kwamba nimepata sauti ya shangazi. Alikuwa hajaisikia kwa miaka arobaini kasoro. Alisikiliza salamu akizijibu moja moja, marahaba, marahaba. Ilipofika harusi akafanya ishara ya mkono. "Irudishe." Nikairudisha. "Tena." Mara ya tatu akavua miwani.

"Alikuwa na haraka," akasema.

Nikanyamaza. Baada ya muda akaanza kusema mwenyewe. Kwamba shangazi hakuingia skuli. Alisoma Qur'ani tu, akaihitimu. Kwamba nyumbani kwao, akikumbuka sawasawa, hakuna aliyekuwa akisema wimbo. Watu walisema nyimbo, moja au kumi. Wimbo alifundishwa na mwalimu wa skuli, akiwa darasa la nne, baada ya kuchapwa viganjani. "Nikarudi nyumbani nikamsahihisha shangazi," akasema. "Akanicheka. Akaniambia, haya bwana mwalimu." Akavaa miwani. "Ziko ngapi kaseti hizi?"

Nilimwambia ziko tisa, na kwamba zinahitaji kuandikwa neno kwa neno, na kwamba mimi kazi zangu haziniruhusu, na kwamba anayeweza kuchapa haraka katika ukoo huu ni mmoja. Alielewa. Alikuna ndevu, akasema niwaambie waje Ijumaa baada ya sala, dada yangu na mtoto.

Ijumaa ya kwanza binti alichapa kimya, akijibu kwa Kiarabu. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu walifika kwenye harusi ya Malindi, nami nilikuwa sebuleni nikisikia. Ami alimwambia aandike wimbo huu waliupiga. Ukimya. Halafu sauti ya mtoto, kwa Kiswahili, ya chini lakini imara: "Babu, yeye hakusema huu. Amesema hii. Sisi wote tumesikia."

"Sote," akasema Ami. "Sisi sote tumesikia."

"Sisi sote tumesikia," akasema binti, "amesema hii."

Ami alikohoa. Kisha akasema: "Andika alivyosema. Ule mwingine uweke chini, kwa herufi ndogo." Ndivyo ulivyo mpaka sasa katika maandishi yetu, nao wameshamaliza kaseti nne. Juzi nilimkuta mama yangu amehamishia kiti chake kwenye chumba hicho, akidai kwamba kiyoyozi cha huko ni kizuri zaidi.

Nina ombi kwenu. Upande wa pili wa kaseti ya sita shangazi hakusema. Alirekodi taarabu kutoka Sauti ya Tanzania Zanzibar, na katikati ya ubeti wa pili mwimbaji anatumia neno moja ambalo Ami hakulijua, mama hakulijua, wala kamusi tatu nilizo nazo hazinalo. Ami anadai mwimbaji amekosea. Binti anadai ni Kimakunduchi. Mwenye mzee wa Makunduchi, Jambiani au Paje aliye hai na anayesikia vizuri, aniandikie. Nitampelekea kipande hicho cha sauti, ni cha sekunde 40 tu.